Ndoto na Mwenye Ndoto: Nafasi ya Ndoto katika Tiba ya Nafsi na katika Ukuaji wa Mtu

Utangulizi

Mtu anapomjia mshauri na kusema, "Nimeota," mara nyingi hakuja kusimulia tu. Amekuja kuuliza. Anataka kuambiwa maana ya yale aliyoyaona, tena anataka kuambiwa leo, kwa kuwa usiku unakaribia. Wachungaji, wainjilisti, wauguzi na walimu wanalifahamu jambo hili, na wengi wetu tumelijibu kwa mojawapo ya njia mbili. Ama tumempuuza mtu huyo kwa kumwambia kwamba ndoto ni ndoto tu, asali na kwenda zake. Ama tumejitwika cheo cha Yusufu mbele ya Farao na kumfasiria ndoto yake papo hapo.

Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba njia zote mbili humwacha mwenye ndoto peke yake. Iko njia ya tatu, ambayo imekuzwa katika tiba ya nafsi kwa muda wa zaidi ya miaka 120. Kwa maneno "tiba ya nafsi" twamaanisha matibabu yatolewayo kwa mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, ama pasipo dawa ama sambamba na dawa. Msingi wa njia hiyo, kama tunavyouelewa sisi, ni huu: ndoto ni mali ya aliyeiota, na kazi ya msaidizi si kuifasiri bali kumsaidia mwenyewe asikie jinsi inavyomhusu.

1. Maneno tuliyo nayo

Kiswahili hakikuyachanganya mambo ya usiku katika kapu moja. Tuna ndoto, yaani yale ya kawaida ambayo kila mtu huyaota na kuyasahau kabla ya chai ya asubuhi. Tuna njozi, neno lenye uzito zaidi, litumikalo kwa maono yanayomshika mtu na kumwachia swali. Tuna jinamizi, linalomkalia mtu kifuani akashindwa kupumua. Tena tunazo ndoto za Alinacha, ambazo huotwa macho yakiwa wazi. Msemaji wa lugha hii anajua tangu utoto kwamba si kila ndoto ni ya kuchukuliwa kwa uzito uleule.

Kanisa nalo limekuwa na sauti mbili. Maandiko yanatuonyesha Yusufu na Danieli wakipewa maana ya ndoto, lakini Yeremia anawakemea manabii wanaotangaza ndoto zao kana kwamba ni Neno, na Mhubiri anaihusisha ndoto na wingi wa shughuli. Martin Luther, alipokuwa akifundisha kitabu cha Mwanzo, alieleza kwamba alimwomba Mungu asimletee ndoto, kwa kuwa Neno lilimtosha. Bengt Sundkler kwa upande wake, ambaye alikuwa askofu huko Bukoba kuanzia 1961 hadi 1964, alikuwa amekwisha kuonyesha katika kitabu chake cha 1948 kuhusu makanisa ya kujitegemea ya Afrika Kusini jinsi ndoto zilivyokuwa na nafasi kubwa katika maisha ya waumini wale. Basi hofu na shauku juu ya ndoto ni za zamani, nasi hatukuzianzisha.

2. Freud, Jung na mzee wa Mlima Elgon

Mwezi Julai 1895 daktari Sigmund Freud, wa mji wa Vienna, aliota ndoto juu ya mgonjwa wake mmoja ambaye katika maandishi yake alimwita Irma. Alipoamka aliigawa ndoto hiyo vipande vipande, na kwa kila kipande akaandika chochote kilichomjia akilini, hata kama hakikumpendeza. Mwishoni alifikia uamuzi kwamba ndoto ilikuwa imembebea matakwa ambayo mchana hakuyakiri: alitaka asilaumiwe kwa kuwa mgonjwa yule hakupona vizuri. Kitabu chake kuhusu ndoto kilitoka Novemba 1899, kikiwa kimeandikwa mwaka 1900. Zilichapwa nakala 600, nazo zilichukua miaka kama minane kuuzwa zote.

Wengi wanamkumbuka Freud kwa mafundisho yake juu ya tamaa zilizofichika, ambayo wanasaikolojia wa leo hawayakubali yote. Jambo la kudumu zaidi, kwa maoni yetu, ni utaratibu wake. Kabla yake mtu aliyetaka maana ya ndoto alikimbilia orodha. Artemidorus aliandika vitabu vitano vya namna hiyo kwa Kiyunani katika karne ya pili, na katika miji ya pwani yetu vitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyohusishwa na Ibn Sirin wa Basra vinajulikana mpaka leo. Katika orodha, nyoka ana maana yake na jino lina maana yake. Hata hivyo Artemidorus mwenyewe alisisitiza kwamba mfasiri aijue kwanza kazi na hali ya aliyeota. Freud aliifuata hoja hiyo mbali zaidi: kabla ya kuuliza nyoka ni nini, muulize aliyeota nyoka humkumbusha nini yeye.

Carl Gustav Jung, Mswisi na mwana wa mchungaji, alishirikiana na Freud kisha wakaachana mwaka 1913. Yeye hakuiona ndoto kuwa kifuniko cha tamaa, bali aliiona kuwa kama mizani. Mtu anayeegemea mno upande mmoja wakati wa mchana, kwa mfano yule ambaye hujionyesha shujaa siku zote, huletewa na ndoto upande alioukataa. Kwa hiyo Jung alipenda kuzitazama ndoto nyingi za mtu mmoja kwa mfululizo kuliko kuing'ang'ania moja.

Mwaka 1925 Jung alisafiri hadi Kenya na Uganda, akakaa kwa muda miongoni mwa watu wa miteremko ya Mlima Elgon. Alizungumza nao kwa Kiswahili cha kuokoteza, akiuliza juu ya ndoto. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia kwamba mganga mmoja mzee alimjibu kwa machozi. Zamani, alisema mzee yule, waganga waliota wakajua kama kuna vita au maradhi, na kama mvua itanyesha, na mifugo ipelekwe wapi. Lakini tangu Wazungu walipofika hakuna aotaye tena, kwani sasa Waingereza wanajua kila kitu.

Jung alilisoma jibu hilo kama habari ya watu waliopotewa na uongozi wao wa rohoni. Nasi tunaliona hivyo, ila twaona pia onyo linalomhusu kila anayetoa ushauri. Mbele ya mtawala ajuaye kila kitu, ndoto ya mzee haikuwa na kazi. Mbele ya mshauri ajuaye kila kitu, ndoto ya mshauriwa haina kazi pia, hata kama mshauri huyo anaisikiliza kwa upole mwingi.

3. Mambo yaliyogunduliwa katika maabara

Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba watu wakiamshwa katika vipindi hivyo mara nyingi husimulia ndoto. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, nacho kiasi chake kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya tano hadi robo ya usingizi wote. Baadaye ilionekana kwamba ndoto hutokea pia katika usingizi wa aina nyingine. Basi asemaye kwamba yeye haoti kabisa, kwa kawaida ni mtu asiyekumbuka.

Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley walidai kwamba ndoto huanzia katika mishtuko ya sehemu ya chini ya ubongo, kisha akili hujitahidi kuishona mishtuko hiyo iwe hadithi. Wako walioyapokea madai hayo kana kwamba ndoto imethibitishwa kuwa takataka. Hatuoni kwamba ni lazima iwe hivyo. Hata kama ndoto ni nguo ya viraka, mshonaji huvitoa viraka vyake katika sanduku la nyumba yake mwenyewe, wala hakopi kwa jirani. Calvin Hall, aliyekusanya maelfu ya ndoto za watu wa kawaida huko Marekani, aliona kwamba nyingi hushughulika na watu na mahangaiko yaleyale ya mchana. Naye Rosalind Cartwright, aliyewachunguza watu walioshuka moyo baada ya ndoa zao kuvunjika, aliona kwamba wale walioota juu ya mwenzi aliyeondoka walielekea kupata nafuu kuliko wale wasiomwota. Ni kana kwamba usiku uliwasaidia kubeba mzigo ambao mchana uliwalemea.

4. Namna ya kufanya kazi na ndoto

Njia zinazotumika leo ni nyingi, lakini zinakubaliana katika mambo makuu. Fritz Perls alimtaka mwotaji asimulie ndoto kana kwamba inatokea sasa, kisha azungumze kwa niaba ya kila kitu kilichomo, hata mlango au barabara. Montague Ullman alianzisha utaratibu wa vikundi ambapo msikilizaji haruhusiwi kusema, "Ndoto yako ina maana hii." Anaruhusiwa kusema tu, "Kama ndoto hii ingekuwa yangu, ningehisi hivi," na mwotaji ana haki ya kupokea, kukataa au kusimamisha mazungumzo wakati wowote. Clara Hill, katika kitabu chake cha 1996, aliyapanga mambo hayo katika hatua tatu: kuichunguza ndoto, kuielewa, na kuamua la kufanya.

Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya somo hili. Mama mjane anaota mara kwa mara kwamba marehemu mumewe amesimama nje ya ua, nguo zimelowa, mkononi ana kikapu kitupu, naye hataki kuingia. Majirani wamekwisha kumpa maana mbili: mmoja asema marehemu anadai tambiko, mwingine asema aliuawa na anamwonyesha muuaji. Mama hana usingizi.

Kwanza, mshauri anamwomba aisimulie ndoto yote taratibu, kwa wakati uliopo, bila kumkatiza. Pili, anakichukua kila kitu kilichomo na kuuliza kama mgeni asiyejua. "Kikapu hiki, mama, ni kikapu gani?" Mama anajibu kwamba ndicho mumewe alichokuja nacho kutoka sokoni kila Jumamosi. "Na kulowa?" Hapo mama ananyamaza kwa muda mrefu. Siku mume alipopelekwa hospitali mvua ilikuwa ikinyesha, na asubuhi ile walikuwa wamegombana juu ya fedha za sokoni. Aliondoka bila kuagwa. Tatu, mshauri anauliza hisia: je, katika ndoto anaogopa? Hapana, asema mama. Anaona aibu.

Hapa ndipo kishawishi kilipo. Mshauri amekwisha kuona, au adhani ameona, kwamba mama analemewa na hatia. Yafaa anyamaze. Anauliza tu, "Wewe mwenyewe, mama, unalisikiaje jambo hili sasa?" Yawezekana mama atasema habari ya kutomwaga mumewe. Yawezekana pia atasema jambo ambalo mshauri hakuliwaza hata kidogo, kwamba kikapu ni kitupu kwa kuwa shemeji amechukua shamba, naye hajui atawalisha watoto nini. Kila jibu lina hatua yake. La kwanza linaelekea kaburini pamoja na watoto, au kwenye maungamo, au kwenye maneno ambayo hayakusemwa asubuhi ile na ambayo bado yaweza kusemwa. La pili linaelekea kwenye kikao cha ukoo na pengine baraza la kata. Mshauri ambaye angefasiri mapema angempeleka mama kaburini, na shamba lingepotea.

Msomaji anayetaka kujikuza mwenyewe aweza kuanza kwa daftari na kalamu kando ya kitanda. Aandike mara aamkapo, kabla ya kuinuka, kwa maana ndoto huyeyuka upesi; aandike pamoja na tarehe, hisia, na mambo yaliyotukia jana yake. Asiharakishe maana. Baada ya majuma kadhaa asome zote kwa pamoja, aone ni nani arudiaye, ni mahali gani parudipo, na yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani katika ndoto zake: mkimbiaji, mtazamaji au mtendaji.

5. Ndoto za kutisha na jinamizi

Kabla ya kuuliza ndoto ya kutisha ina maana gani, mshauri hana budi kuuliza mtu anatumia dawa gani. Mefloquine, ya kuzuia malaria, inajulikana kwa kuleta ndoto kali na hata kuvuruga akili. Efavirenz, iliyotumiwa kwa miaka mingi na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, iliwaletea wengi ndoto za kutisha. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza dolutegravir kuwa dawa ya kuanzia badala yake. Mlevi anayeacha pombe ghafula naye huota sana. Watu kama hao wapelekwe kwa daktari, wala wasiache dawa kwa shauri letu.

Jinamizi lina maelezo yake. Katika kipindi kile cha macho kuchezacheza, misuli ya mwili hulegezwa ili mwotaji asitende anayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla ya misuli. Mtu anaona chumba chake, lakini hawezi kuinua mkono wala kupiga kelele, na mabaki ya ndoto humjia kama mtu aliyesimama au aliyemkalia kifuani. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi, nayo huwapata zaidi waliokosa usingizi na walalao chali. Kumweleza mtu hayo kwa utulivu ni msaada mkubwa.

Kuna pia ndoto irudiayo ya mtu aliyepatwa na vita, ajali au kutendewa jeuri. Hiyo haihitaji kufasiriwa, kwani maana yake inajulikana mno. Barry Krakow na wenzake walieleza mwaka 2001 matibabu waliyowapa wanawake waliokuwa wamebakwa: mwenye ndoto anachagua ndoto moja, anaibadilisha akiwa macho kwa namna yoyote apendayo yeye, kisha anaipitia ndoto hiyo mpya moyoni kila siku kwa dakika chache. Wengi waliona majinamizi yakipungua, na usingizi ukawa bora. Angalia kwamba hata hapa mabadiliko yanachaguliwa na mwotaji. Aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake anarudishiwa uamuzi juu ya usiku wake.

6. Hatari za mfasiri

Ndoto haithibitishi jambo lililotukia. Mwishoni mwa karne iliyopita, huko Marekani, baadhi ya washauri walizichukua ndoto za wateja kuwa ushahidi wa maovu ya utotoni yaliyosahauliwa, na jamaa zikavunjika. Mwaka 1999 Giuliana Mazzoni, Elizabeth Loftus na wenzao walionyesha kwamba mtaalamu akimfasiria mtu ndoto yake, aweza kumfanya aamini kwamba utotoni alipatwa na jambo ambalo awali alikana kulipata.

Kwetu hatari hiyo ina sura nyingine. Mtu anaota jirani akimkaba. Mfasiri anamwambia jirani ni mchawi. Na wote twajua hadithi hiyo huishia wapi kwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoenea Pemba na Unguja, wengi walieleza kukaliwa usiku wasiweze kujitingisha, hali ambayo watafiti wameilinganisha na jinamizi tulilolieleza. Mjini Zanzibar mtu mgonjwa wa akili alishukiwa na kuuawa na umati. Maana iliyotolewa kwa haraka juu ya jambo la usiku ilimwua mtu mchana.

Sisi wenyewe hatuna usafi wa kujivunia. Tuliwahi kumsikiliza kijana aliyeota meno yake yanadondoka mbele ya watu, nasi tukamwambia mara moja kuwa ni hofu ya mitihani. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akashukuru, akaondoka, wala hakurudi. Baadaye sana tulisikia kwamba siku zile alikuwa na siri nzito ya nyumbani kwao. Tulikuwa tumesahau kwamba katika malezi yetu kijana hampingi mkubwa wake, na kwamba "ndiyo" ya heshima si "ndiyo" ya kukubali. Utaratibu wa Ullman, ambao katika nchi nyingine ni adabu njema tu, kwetu ni lazima: mkubwa asipompa mdogo ruhusa iliyo wazi ya kukataa, hatajua kamwe kama amemsaidia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ndoto yastahili kusikilizwa, na kwamba asikilizaye hana haki ya kuitwaa. Hatusemi kwamba kila ndoto ina ujumbe. Nyingi zitapita kama zilivyokuja. Wala hatusemi kwamba mtumishi wa kanisa awe mtaalamu wa tiba ya nafsi. Palipo na ugonjwa wa akili, au mawazo ya kujiua, au jeraha la vita, kazi yake ya kwanza ni kumfikisha mtu hospitali na kuendelea kumtembelea.

Tunalosema ni dogo zaidi, nalo liko katika uwezo wa kila mmoja wetu. Mtu ajapo tena na kusema, "Nimeota," tumpe kiti, tumwombe aisimulie yote, tuulize kikapu ni kikapu gani, kisha tunyamaze kwa muda wa kutosha ili ajibu yeye.